Mama Verdiana na Nyanya Zisizoonja Udongo

Wasifu wa Marehemu Genoveva Alois Raymundi, 1922–1978
Unasomwa na mdogo wake, Tarcis Alois, makaburini Bagamoyo, Jumamosi, 16 Septemba 1978

Waliomjua Genoveva wanajua kwamba hakupenda habari yake isimuliwe nusunusu, na wala hakupenda kuwasimamisha watu juani. Familia itajitahidi kumridhisha kwa yote mawili. Alizaliwa kijijini Mkange tarehe 3 Januari 1922, mtoto wa kwanza wa Mzee Alois Lukas na Bi Chausiku. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Genoveva, kwa hiyo padre aliyembatiza hakuumiza kichwa kutafuta jina. Nyuma ya nyumba Bi Chausiku alikuwa na bustani ya mchicha, bamia na nyanya, na sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: hakuna aliyekunywa uji asubuhi kabla mboga hazijanyweshwa. Mama alizizungumzia mboga zake kama watoto wake wengine. “Mmeshawapa maji?” ndiyo iliyokuwa salamu ya kwanza ya siku, na shikamoo ilifuata baadaye. Genoveva aliichukua salamu hiyo, akatembea nayo maisha yake yote.

Mwaka 1931 alipelekwa Bagamoyo kusoma kwa masista, akalala bwenini pamoja na wasichana wengine wa bara. Alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kuimba, na kuimba kwake hakukupona mpaka mwisho, kama wanakwaya waliopo hapa wanavyoweza kushuhudia. Alimaliza mafunzo ya ualimu mwaka 1940. Januari 1941 alianza kufundisha mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba katika shule ya wasichana hapa mjini, na wengi wa kina mama wanaolia leo walijifunza kwake kushona kifungo kikashika.

Tarehe 8 Julai 1944 alifunga ndoa na Bwana Raymundi Kibwana, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na subira nyingi, sifa mbili alizozihitaji sana katika ndoa hiyo. Mungu aliwajalia Verdiana mwaka 1945, Kandidi mwaka 1947, na Lukas mwaka 1950. Kandidi hakufikisha mwezi. Genoveva aliugua upungufu wa damu wakati wa mimba hiyo, na daktari alimwambia waziwazi kwamba alikuwa amekosa mboga za majani na matunda. Yeye, mtoto wa Bi Chausiku, amekosa mboga! Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopata kusema, na tangu hapo hakuweza kumwona mwanamke mjamzito anakula ugali na samaki mtupu akanyamaza.

Lakini hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo mboga zilikuwa shida, hasa kiangazi. Udongo wa uani kwake ulikuwa na chumvi, maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na upepo wa baharini ulibabua kila jani lililothubutu kuchungulia ukuta. Lililosalimika lililiwa na mbuzi wa mjini, ambao hawana mwenyewe mpaka mtu awapige. Miaka ishirini alipanda na miaka ishirini alishindwa. Ndipo mwaka 1968 alipopelekwa semina ya walimu Morogoro, na mkufunzi mmoja akawaonyesha mche wa nyanya uliostawi ndani ya karai la kokoto, bila udongo hata chembe, ukila mbolea iliyoyeyushwa majini. Walimu wenzake walicheka, wakaenda kunywa chai. Genoveva alibaki pale, akauliza maswali mpaka mkufunzi naye akaiona chai yake imepoa.

Aliporudi alimwendea shoga yake, Bi Mardhiya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye marehemu baba yake aliwaachia yeye na kaka yake nyumba yenye ghala la mbata, yaani nazi kavu. Ghala lilikuwa tupu wakati huo. Bi Mardhiya alimpa ufunguo bila kuuliza mara mbili. Kazi ya kuligeuza iliwachukua Genoveva na mumewe muda mrefu, kwa kuwa ilifanywa kwa vipande, siku za mapumziko. Raymundi aliondoa baadhi ya mabati ya paa, akaweka ya plastiki yanayopitisha mwanga, na akafunga taa ndefu za umeme kwa ajili ya siku za mawingu ya masika. Kuta walizipaka chokaa ili ziurudishe mwanga. Madirisha waliyaziba kwa wavu, mbuzi na kunguru wasione hata njia. Madebe ya mafuta waliyakata kwa urefu, wakayapaka lami ndani yasishike kutu, wakayapanga juu ya meza zilizoinama kidogo ili maji yaliyomwagwa upande mmoja yatiririke taratibu kupita kwenye mizizi na kuingia ndooni upande wa pili, yakamwagwe tena jioni. Maji yenyewe yalikuwa ya mvua, kutoka birika la kukingia maji la Bi Mardhiya. Ndani yake Genoveva alipima mbolea kwa kijiko cha jikoni, na pamoja na mbolea alitia chumvi ya haluli.

Hapo ndipo mji ulipopata la kusema. Haluli kila mtu aliijua kwa kazi yake moja tu, na haraka ikavuma kwamba Mwalimu Genoveva anapanda nyanya za kuendesha tumbo. Yeye alitia pamba masikioni. Kilichobaki kilikuwa kokoto, na kwa hilo Raymundi hakutaka kusaidiwa na mtu. Alikwenda Kaole na lori, akarudi na mawe mazuri ya pwani, meupe, aliyoyachagua na kuyaosha mwenyewe. Machi 1971 walisia mbegu.

Miche iliota vizuri, kisha ikaanza kupauka. Majani yalikuwa ya njano, mishipa peke yake ikabaki kijani. Genoveva alidhani ina njaa, akaiongezea mbolea, ikazidi kupauka. Kufika Juni hakukuwa na mche uliosimama wima. Watu wakasema ndiyo haluli hiyo, miti yenyewe imeharisha.

Bwana Sadallah, kaka yake Bi Mardhiya, alikuwa anaanza tena biashara ya mbata, na alilitaka ghala. Hakuwa mtu mbaya, na hilo familia inalisema akiwepo. Alikuja barazani kwa dada yake, akamwamkia Genoveva kwa heshima, akasema lake mbele ya wote. “Mwalimu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini ghala ni la mbata. Idi hii nisipokula kachumbari iliyotoka humo ndani, naweka magunia yangu.” Genoveva alikubali. Usiku huo alimwambia mumewe kwamba chumba kile kikienda, kwake itakuwa kama kumzika Kandidi mara ya pili. Ni mara moja tu katika ndoa yao, asema Raymundi, alipomwona analia.

Jumapili moja ya Julai alikuwa anaparua changu uani, karibu na kifusi cha mawe ya Kaole yaliyosalia. Alikamulia samaki ndimu, akatupa ganda juu ya mawe. Jiwe likatoa povu. Alikamua nyingine, hii makusudi, na povu likachemka tena. Kuna mawe gani Bagamoyo yasiyojulikana? Nyumba zimejengwa kwayo, na tangu enzi za mababu watu huyachoma kupata chokaa. Kwa kuwa kila mtu aliyajua, hakuna aliyewaza kuyauliza kitu.

“Raymundi,” aliita, mikono yake bado ina magamba, “tumepanda kwenye chokaa.”

Mzee wa watu alishika kichwa. Mawe aliyoyaosha kwa mapenzi kiasi kile ndiyo yaliyoifunga mimea kinywa, ikakaa mbele ya chakula isiweze kula. Kisha akasema kwamba njia ya Ubena ina mawe magumu meusi, na wiki ile lori linarudi tupu kutoka huko. Msimamizi wake kazini aliridhia. Genoveva alikwenda naye, amebeba pakacha la ndimu, na vibarua wa Ubena walimwona mama wa heshima, amevaa gauni la kanisani, anachutama na kukamulia mawe ndimu kama anayetayarisha kitoweo. Mawe ya Ubena hayakutoa povu. Walijaza lori.

Miche mipya iliingia kwenye madebe mwanzoni mwa Agosti, mchicha upande mmoja na nyanya upande wa pili, na safari hii majani yalikuwa ya kijani kibichi mpaka mtu alitamani kuyatafuna yalivyo. Nyanya zilipochanua, maua ya kwanza yakadondoka bila kuzaa. Genoveva hakuongeza mbolea, alikuwa ameshajifunza. Alikaa chumbani akitazama, mpaka akagundua kwamba wavu uliozuia mbuzi ulizuia na nyuki. Bi Mardhiya akachukua unyoya wa kuku, na kila asubuhi baada ya sala akawa anapita akiyapapasa maua moja moja, huku akiyabembeleza kwa maneno ambayo kaka yake alisema hajawahi kuambiwa yeye. Nyanya zikazaa. Zikazaa mpaka Raymundi akalazimika kuyafunga matawi kwa kamba za usumba yasivunjike.

Idi el Fitri ya Novemba 1971 haijasahauliwa Mji Mkongwe. Kwa Bi Mardhiya pilau ilipakuliwa, na katikati ya mkeka likawekwa bakuli la kachumbari, jekundu. Wageni waliisifu. Walisifu rangi, wakasifu harufu, na mikono yao ikaenda kwenye achari. Haluli ilikuwa bado haijawatoka vichwani. Genoveva alikuwa amesimama mlangoni na mumewe.

Bwana Sadallah alikuwa mtu wa ahadi yake. Alichota, akala, akatafuna bila haraka, wote wakimtazama mdomo. Akachota tena. Mara ya tatu akauliza, “Mwalimu, na pilipili hii imetoka humo humo?”

Genoveva akajibu kwamba pilipili ni ya Bi Kibibi wa sokoni.

“Basi panda na pilipili,” akasema Bwana Sadallah, akalivuta bakuli upande wake.

Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Alasiri hiyo watoto walimfuata Bwana Sadallah mtaa kwa mtaa wakingoja haluli ifanye kazi, naye, akijua wanachongoja, aliuzunguka mji wote kwa mwendo wa bwana harusi, akimsalimu kila mtu na kumuuliza habari za wazazi wake. Kesho yake asubuhi mlangoni kwa Genoveva kulikuwa na foleni ya vikapu. Magunia ya mbata yalitafutiwa ghala jingine.

Kutoka hapo hakurudi nyuma. Ilipofika njaa ya ukame wa 1974, bustani zote zilipokauka mpaka mizizi, chumba kile kilitoa mchicha na nyanya za kupeleka wodi ya wazazi, na Genoveva alizipeleka mboga hizo mwenyewe, akasimama kando ya kitanda kuhakikisha zimeliwa zote. Wasichana wake wa shule walijifunza kukata madebe na kupima mbolea kama walivyojifunza kushona. Kwenye maonyesho ya Saba Saba ya 1975 nyanya zake zilipata zawadi ya kwanza, na bwana mmoja wa jopo la waamuzi, aliyekuwa hajaelezwa vizuri, alimwomba sampuli ya udongo. Alimpa jiwe la Ubena na nusu ya ndimu. Alistaafu Desemba 1977, akapata kazi nyingi zaidi.

Moyo ulianza kumsumbua Februari mwaka huu. Alilazwa hapa Bagamoyo, kisha Dar es Salaam, na mwezi uliopita akaomba arudishwe nyumbani, akidai kwamba mboga za hospitali zimepikwa zikafa mara mbili. Alhamisi, 14 Septemba, mapema asubuhi, alimuuliza Verdiana, “Mmeshawapa maji?” Verdiana akamjibu, “Tumeshawapa, mama.” Akasema, “Haya, kunyweni uji.” Alifumba macho kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, na hakuyafumbua tena. Inauma, wala hatutajifanya haiumi.

Marehemu ameacha mume, Raymundi, watoto wawili, Verdiana na Lukas, wajukuu watano, mdogo wake anayesoma maneno haya, na shoga yake Bi Mardhiya, ambaye familia inamtaja hapa kwa haki kabisa kama ndugu. Ameacha pia wanawake wa Bagamoyo waliotoka wodini wamebeba watoto wazima. Baadhi ya watoto hao wamesimama hapa leo, wamechoka kusimama.

Leo alfajiri Verdiana alikwenda ghalani kabla ya kuja kanisani, akakuta mlango uko wazi na taa zinawaka. Mzee Sadallah alikuwa ndani, amekunja mikono ya kanzu, anainua ndoo kutoka mwisho wa meza na kuimwaga mwanzo, debe baada ya debe. Alisema hakutaka Mwalimu aondoke mjini akiwa na swali.

Lala kwa amani, Mama Verdiana. Wameshapewa maji.