Bi. Efrazia Mokami na Rufaa ya Simon

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Susuni na ninyi mliosafiri kutoka Kenyamonta, shikamooni wakubwa, na poleni nyote kwa msiba huu.

Bi. Efrazia Mokami Marwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1966 katika kata ya Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, mtoto wa tatu wa mzee Marwa, na tangu anatambaa hakuwa mtu wa kutulia, akamaliza darasa la saba mwaka 1981, akajifunza cherehani, na sare za shule za watoto wengi wa kata ile zikapita mikononi mwake.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na marehemu Enock Nyamhanga, akahamia hapa Susuni, wakajaliwa watoto watatu, Winfrida, Gloria na Simon, akaachwa mjane mwaka 2014, akalima, akashona, akawalea, wala hakumpigia mtu magoti.

Tarehe 11 Machi 2024 Simon alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe wawili waliokutwa zizini mwake, ambao hadi leo anasema aliwanunua, na hapa familia haitaficha kitu, maana marehemu hakupenda mambo ya kufunikafunika. Wazee wa ukoo waliketi na mlalamikaji, ng'ombe wakalipwa, watu wakala pamoja, na shemeji wa marehemu, Mogesi Nyamhanga, ambaye ndiye anayesoma historia hii, akampelekea Simon ujumbe gerezani asitie dole gumba kwenye karatasi yoyote ya rufaa, yamekwisha, atarudi kabla ya palizi. Palizi ikafika, Simon hakurudi.

Marehemu akaenda mahakamani Tarime peke yake, na karani mmoja, Bi. Honoratha, Mungu amzidishie, akamweleza pole pole kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, kwamba kupatana na jirani hakufuti kifungo, na kwamba notisi ya kusudio la kukata rufaa ilitakiwa ndani ya siku kumi tangu hukumu, nazo zilishapita zamani. Lo, siku hiyo Mogesi aliambiwa! Marehemu alimwita shemeji, kwa heshima zote, kisha akamuuliza ni nani aliyempa uhakimu.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Simon akaomba kuongezewa muda kupitia gereza, mama yake akafuatilia nakala ya hukumu Tarime na maombi Mahakama Kuu Musoma, akarudishwa, akaenda tena, akawa anashona huku anahesabu siku kwa sauti, hata majirani wakaanza kumletea hukumu za watoto wao, naye kabla hajawakaribisha kiti aliuliza imesomwa lini. Mei 2025 maombi yakakubaliwa, jamani, akapiga vigelegele hadi askari akamwomba anyamaze, na rufaa ikapangwa kusikilizwa tarehe 26 Agosti.

Presha, aliyoanza kuugua mwaka 2019, ilimzidi mwezi Julai, akalazwa, akawa anamwomba kila daktari aliyepita kitandani pake ruhusa ya siku moja tu aende Musoma, hadi alipofariki tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 59.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwa maana alikuwa mgonjwa msumbufu, inawashukuru majirani, mafundi cherehani wenzake na Bi. Honoratha, ambaye yuko nasi hapa.

Tangu juzi watu wanaulizana hapa msibani kama rufaa nayo imekufa, na familia inajibu hapana, mkata rufaa ni Simon, na Simon yu hai, ila aliyekuwa akiifuatilia ndiye tunayemzika leo.

Shemeji Efrazia, Mogesi anakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, na tarehe 26 atakuwa Musoma yeye mwenyewe kabla mlango wa mahakama haujafunguliwa. Keti sasa, shemeji, upumzike kwa amani.