Dawa ya Jumapili

Kwenye treni ya kwenda mjini, mbele yangu, mzee aliyejitambulisha kama Opicho alimwonyesha mama wa kando yake pakiti ya dawa ya presha. "Hii ndiyo orijino. Zile za bei rahisi ni chaki tupu."

Mama akavaa miwani. "Baba, soma hili jina dogo hapa chini. Zile rahisi zina dawa hii hii. Muulize mfamasia."

"Mimi nicheze na presha?"

"Kwani hii unameza kila siku?"

"Jumapili tu, nisianguke kwenye kwaya. Nikimeza kila siku, nitanunua nyingine na nini?"

Nikajiuliza kama presha nayo hupumzika siku sita.

"Utatuachia mazishi, baba!"

Treni ikasimama stesheni ya Makadara. Mzee akainuka, akayumba, akausukuma mkono wa mama aliyetaka kumshika.

"Ni treni inatingika," akasema.

Treni ilikuwa imetulia tuli.