Pumzi Iliyokataa Kulala

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya banda la kinyozi, mguu wake mmoja umeliwa na mchwa ukawekewa tofali. Hapo tunakunywa kahawa na kuamua mambo ambayo hatukuulizwa. Asubuhi ile alikuja Randa, seremala wetu, akitembea kwa vituo kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Alikuwa ametoka hospitali. Alitueleza kwa shida kwamba daktari alimpima kifua, kisha akamgeukia nesi na kutamka neno moja: othopnea. Randa akavaa shati lake akaondoka. Neno lenye sura ile, alisema, haliwezi kuleta habari njema.

Tukamgeukia mwenzetu Kamusi, ambaye aliacha masomo ya udaktari mwaka wa kwanza, ila masomo yenyewe hayajamwacha yeye.

— Hicho ni Kigiriki. Unakikata vipande. Pnea ni pumzi, otho ni wima.

Akaendelea kwa raha zake. Pumzi ya mbio ni takipnea, ya kujikokota ni bradipnea, ya taabu ni dispnea, na ikikatika kabisa ni apnea. Randa alisikiliza huku jasho likimtoka, akijipima kila neno kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Soli, fundi viatu, akasema basi jambo liko wazi: pumzi ya Randa imesimama wima kifuani, ndiyo maana imekwama. Kinyozi akaona na chanzo chake. Mtu aliyesimamisha milango tangu ujana, pumzi yake itaacha vipi kuiga? Kamusi alipaswa kupinga, lakini sifa zilikuwa zimemlevya. Akaongeza kwamba hata Wagiriki walipenda sana nguzo, na bila shaka vifua vyao ndivyo vilivyowatuma. Tukakubaliana kwamba dawa ni kuilaza hiyo pumzi. Randa hakuwa na pumzi ya kubishana.

Tukamlaza chali benchini. Mimi ndiye niliyeshika miguu. Mara macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi, akaanza kupapasa hewani kama anatafuta kamba. Tukamwinua haraka. Kahawa ya Soli ilimwagika na hakuna aliyeitazama.

Randa akavuta pumzi kwanza, ndipo akasema.

— Wiki nzima nalala nimekaa kitini. Nikijinyoosha, nazama.

Kamusi aliinamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akasema ndiyo maana yake hasa: pumzi inayopatikana mtu akiwa wima tu. Alikuwa nayo mkononi tangu mwanzo, vipande vyote viwili.

Hapo akatokea mke wa Randa, na ndala za ndani bado miguuni. Alikuwa amemfuata mumewe hospitali akaambiwa ameondoka. Alimfuta jasho kwanza, kisha akatuangalia mmoja mmoja.

— Shemeji zangu, daktari alisema afanye nini?

Tulimtazama Randa. Randa akatazama chini. Soli akakohoa. Kinyozi akakung'uta kitambaa kisichokuwa na nywele.

Kamusi akafungua mdomo.

— Shemeji, neno lenyewe asili yake...

— Mshike mkono huo mwingine, akamwambia. Mimi nashika huu. Tunarudi hospitali.

Wakaondoka watatu, polepole, wakisimama kila Randa aliposimama.