Octavian wa Panya na Chupa Iliyofukiwa kwenye Mahindi

Mnaoguna huko nyuma kwamba hakuna kazi ya kulea panya, fungeni midomo hadi karatasi hii iishe, kwa sababu marehemu Octavian Tluway aliifanya, akajenga, akasomesha, na dada yake Mectilda, aliyeishia darasa la saba na ndiye anayewasomea hapa, naye alibisha kama nyie, na ubishi wake ulimtesa mgonjwa.

Octavian alizaliwa Mogitu tarehe 14 Aprili 1961, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari Mbulu, ambako baridi ilimshinda kuliko hesabu, akamaliza 1980. Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya utafiti Morogoro, na tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Helena, wakajaliwa watoto wawili, Gerald, na Doris ambaye ni muuguzi na hana subira.

Kuanzia 1999 hadi alipostaafu 2021 alihudumia panya wa mradi mmoja tu wa utafiti, na kila likizo aliwachosha nduguze kwa kueleza kwamba mwilini kuna kipokezi kinachoipokea mofini ili maumivu yatulie, kwamba jeni ya kipokezi hicho kwa panya ina promota mbili, yaani sehemu mbili za kuiwashia kazi, moja ya karibu, nyingine ya mbali, na kwamba ile ya karibu ndiyo inayobeba kazi kubwa ubongoni. Mectilda alikuwa akimjibu kwamba ng'ombe hawajala.

Agosti 2024 madaktari wa Haydom walimkuta na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani, na tarehe 20 Januari 2025 akapewa mofini ya maji arudi nayo nyumbani. Mectilda, akiamini kwamba dawa hiyo ni ya kumsukuma mtu kaburini, aliifukia chupa ndani ya gunia la mahindi, akamnywesha maji ya sukari kwa kijiko kilekile cha dawa, siku nne, mgonjwa akiuma shuka.

Siku ya tano Octavian alisema: “Dada, kuna panya tuliowalea bila kile kipokezi kabisa, ukiwapa mofini wanaruka kwenye bamba la moto kama waliopewa maji. Ama nimegeuka panya, ama umeninywesha maji.”

“Shangazi!” Doris, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo, akafoka. “Iko wapi?”

Mectilda akafukua. Baada ya saa moja Octavian aliunyoosha mguu uliokuwa umejikunja tangu Krismasi, akaomba mlenda, na kwa wiki saba alikaa juani akiwatania wapita njia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, majirani wa Mogitu waliochota maji, na wenzake wa Morogoro waliosafiri siku mbili kuja kumzika.

Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa tisa alasiri, alimwambia dada yake maneno yake ya mwisho, “Nenda, maneno yako yananifukuzia usingizi.” Mectilda akamtazama usoni, hakuona kunjo hata moja, akamjibu, “Pumzika basi salama, mdogo wangu,” akatoka, akafunga mlango.