Kamati ya Majirani wa Ghorofa

Kijiwe chao kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la vifaa vya umeme lililofungwa siku nyingi. Ng'ambo ya barabara palikuwa pakichimbwa msingi wa ghorofa, na kila nyundo ya mashine ilipotua, kahawa ilitetemeka vikombeni. Lilikuwa ghorofa la kisasa: bango lake, la kijani kibichi, lilitangaza kuwa linajali mazingira, jamii na utawala bora. Sheria ilitaka pawe na kamati ya majirani ya kupokea malalamiko, na kamati yenyewe ndiyo hiyo iliyokuwa kijiweni inakunywa kahawa, na vizibao vyake vya reflekta kifuani. Pembeni, bila kizibao, alikaa Fundi Cherehani. Mama yake mzazi alikuwa akilala chumba kinachopakana na lile shimo, na ufa wa ukutani humo, uliokuwa mwembamba kama uzi, sasa ulipitisha kidole. Leo benki inayokopesha mradi ilikuwa inamtuma mtu. Akiridhika na majibu ya kamati, mashine ingesogezwa hadi kando ya ukuta ule ule. Fundi alijua ukuta hautahimili.

— Jamani, leo mtalisema la ukuta wangu?

— Taratibu, Fundi, alisema Mwenyekiti, mstaafu wa bohari ambaye cheo kilimkaa vizuri kuliko kizibao. Kamati haikurupuki. Kwanza tujiulize: huo ufa ni mazingira, ni jamii, au ni utawala?

— Ni ufa, Mwenyekiti.

— Hapo ndipo mnapokosea nyinyi msiosoma miongozo.

Wakili, aliyepachikwa jina hilo kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani, alitua kikombe.

— Ukianzia nje, ni mazingira. Ukianzia ndani, ni jamii. Huu umeanzia nje ukaingia ndani. Hapo tutafute mtu wa uhamiaji.

— Mimi naona ni pumzi, alisema Kinyozi. Ghorofa la kijani lazima lipumue. Likivuta pumzi, nyumba za jirani zinasogea. Likitoa, zinarudi.

— Yangu haijarudi.

— Basi halijatoa. Wewe nawe una haraka!

Fundi hakutaka ugomvi. Hawa walikuwa rafiki zake. Hata suruali walizovaa alizipunguza yeye.

— Mama amehamia jikoni, alisema. Anasema akilala anausikia ukuta unaongea.

Wakili alipiga paja.

— Si ndio huo ushirikishwaji! Mradi unaongea na mama yako moja kwa moja, bila hata kupitia kwetu. Na bado unalalamika?

— Basi mngeniingiza kwenye kamati nikasema mwenyewe.

Mwenyekiti alishusha pumzi, kama mtu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito.

— Ndugu yangu, hilo tulilimaliza. Wewe una mgongano wa maslahi. Ukuta ni wako, ufa ni wako, mama ni wako. Utawala bora unataka mtu asiyeguswa.

— Mama yangu angekuwa wa kwenu, mngeguswa?

Kabla hajajibiwa, mashine ilinyamaza. Dada mmoja mwenye kofia ngumu na viatu vyenye matope alivuka barabara.

— Shikamooni, wazee. Natoka benki. Nimeambiwa kamati ya majirani ndiyo nyinyi?

— Marahaba, mheshimiwa! Ndio sisi. Karibu, sogea kivulini.

— Ahsante. Naomba mnieleze, kila mmoja anakaa wapi?

— Mimi nyuma ya kituo cha mafuta, alisema Kinyozi kwa fahari. Hata kelele sizisikii.

— Mimi nimepanga ng'ambo ya mto, alisema Wakili. Uadilifu mtupu.

— Na mimi niko kwa binti yangu, alimalizia Mwenyekiti, huko mwisho kabisa wa basi. Vumbi la hapa halinifikii.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja, na vizibao vyao.

— Sasa jirani ni nani?

Kinyozi alichungulia ndani ya kikombe chake. Wakili alijimiminia kahawa. Mwenyekiti alinyoosha kizibao chake, kisha akakinyoosha tena. Fundi aliwasubiri. Aliwasubiri kweli, maana alitaka mmoja wao, hata mmoja tu, aseme. Mwishowe akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

— Ni mimi, dada. Lakini mimi siruhusiwi kusema.

— Basi usiseme, alisema mgeni. Nionyeshe.

Fundi aliinuka, na ubao ukainukia upande wake, wajumbe wakashikana wasianguke.

— Wakili, alinong'ona Mwenyekiti, kuonyesha nako si kusema?

— Hilo ni zito, Mwenyekiti. Linahitaji kikao.

Walipopata akidi, Fundi alikuwa ameshavuka barabara, anamwambia mgeni ainame kidogo mlangoni, kwa kuwa fremu nayo imeanza kushuka.