Aliyetuuza kwa Watu wa Simu

Zimeni redio, msogee karibu, na wewe Pauline nipandishie mto huu, maana nguvu niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Sikilizeni, wanangu wawili. Mzee Mire nimemwita mimi mwenyewe, na hicho kiti cha marehemu baba yenu nimemkalisha mimi, kwa hiyo Mutinda usimtazame hivyo.

Tuanze na mali, isije ikawakosanisha kaburi likiwa bado bichi. Shamba la Ndithini baba yenu Ndolo aliligawa kwa kinywa chake, nusu ya Mutinda, nusu ya Pauline, mpaka ni ule mstari wa mikonge, na mimi sibadilishi neno la mume wangu. Mbuzi ni wa Pauline, ndiye aliyewalisha kiangazi chote. Mutinda, urithi ni wa baba yako, siwezi kukunyima. Lakini baraka ni yangu mimi niliyekubeba, na hiyo ndiyo tutakayoiongea leo.

Mnakumbuka duka letu la kompyuta pale Machakos mjini, katika vyumba vya Mzee Mire huyu, ambaye pesa za ng'ombe wake alizijengea nyumba za kupangisha. Mutinda ulikuwa umetoka kusomea mambo hayo, ukaniletea kile kisanduku cha kupigia simu za nje kupitia intaneti, ukaniambia, "Mwaitu, serikali imekataza, simu za ng'ambo ni za kampuni moja peke yake, lakini Nairobi kila mtu anafanya." Mimi mama yako nikakuamini. Wachongaji wa Wamunyu wakawa wanaongea na wanunuzi wao wa Ujerumani, akina mama wakasikia sauti za watoto wao walioko Amerika, na ndugu za Mire wakaongea na watu wao waliotawanywa na vita, wengine wakilia mpaka natoka nje niwaachie chumba. Kama hiyo ilikuwa dhambi, basi Mungu na anihukumu kwa hiyo, sitajificha.

Halafu wakaja watu wa ofisi ya mawasiliano na askari. Hawakupekua. Kompyuta sita hawakuzigusa, walipita moja kwa moja hadi stoo, wakasogeza gunia la mbaazi, wakachomoa kisanduku. Mahali pale palijulikana na watu watatu: mimi, mwenye nyumba, na wewe. Nililala rumande na wasichana wa umri wa wajukuu wangu, nikiwa nimevaa kitenge cha kanisani, na mahakama ikataifisha kila kitu hadi viti.

Ukoo mzima ulisema ni Mire. Walisema, Msomali wako amekuuza, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hata methali ilimshtaki mzee wa watu. Wazee wakaita kithitu, kile kiapo chetu ambacho mwongo akikila, kinakula nyumba yake. Mimi nilikula. Mire akasema dini yake haimruhusu kithitu, lakini akatawadha, akaapa kwa Kurani yake mbele ya wazee wote, sauti yake haikutetemeka. Tukakungoja wewe, Mutinda. Tukakungoja mpaka jua likatua, tukaambiwa umepata safari ya ghafla kwenda Athi River.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliifuma mwenyewe tumboni. Mwaka uliofuata sheria ikalegezwa, zile simu zikawa halali, na wa kwanza kupata leseni mjini alikuwa wewe, ukafungua duka lako ng'ambo ya barabara, ukitazamana na mlango wetu uliofungwa. Ulijua sheria inakuja. Ulikuwa umeniomba duka niliandike kwa jina lako, nikasema hapana, ni lenu wote wawili, ndipo ukatafuta njia nyingine. Krismasi ile nilikuuliza tukiwa jikoni, mimi na wewe tu, ukashika kikombe cha chai ukaniambia, "Mwaitu, sheria ni sheria." Nilikaa na neno hilo miaka mitano. Limeniuma kuliko huu ugonjwa.

Wazee wamekuja hapa kunishauri nikuwekee kiumo, lile neno la mtu anayekufa lisilofutika. Nimekataa. Mkono usioweza kuukata ubusu, lakini mimi siubusu pia. Nataka kitu kimoja. Mzee huyu alitemewa mate sokoni kwa ajili yako, ng'ombe wake wakakosa wanunuzi, na hakuwahi kukutaja jina. Sema mbele yake. Neno moja tu, kisha ulete mkono nikutemee mate ya baraka, uende ukaishi.

Nangoja.

Pauline, njoo wewe kwanza, pumzi inaniishia. Nizikeni kando ya Ndolo, hotuba ziwe chache, na Mzee Mire aketi na watu wa nyumbani, si na wageni. Lete kiganja. Uzae, ulime, uvune, mdomo wako usikose ugali na mlango wako usikose mgeni. Na iwe hivyo.

Sasa wewe, mwanangu. Sogea, sioni vizuri. Lete mkono.

Huu ni wa Pauline, naujua. Mutinda yuko wapi? Ni nani aliyefungua mlango?

Mwacheni. Msimkimbilie, Mzee, kaa, wewe si wa kumrudisha. Pauline, nipe maji kidogo, kinywa kimekauka... Lete kile kiganja kingine. Baraka hii si yako. Hii ni yake. Mshikie. Siku atakayokuja kuiomba, aombe mbele ya Mire, umpe yote, usimpunguzie. Lakini usimpelekee... usimpelekee. Aje kwa miguu yake.