Mwalimu Loisi Haonga, Miche na Mwanga

Ndugu waombolezaji mliofika hapa Ndalambo, mimi ni Yunisi, mdogo wake marehemu, na familia za Haonga na Simbeye zimeniomba niwasomee maisha ya dada yangu.

Loisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Itaka, wilaya ya Mbozi, mtoto wa kwanza wa mzee Shadrack Haonga, mkulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 1990, kisha sekondari, na mwaka 1997 alikwenda Morogoro kusomea elimu ya mimea, ambako alichunguza kwa nini mche wa maharage unaooteshwa gizani hurefuka haraka, ukawa mwembamba na wa njano, majani yake yakiwa bado yamejikunja.

Likizo ya Septemba 1999 alikuta kitalu cha baba kimefunikwa nyasi nzito, miche imerefuka kwa kukosa mwanga na baba anaisifu kwa majirani, naye kwa pupa ya ujana akaondoa nyasi zote kwa siku moja, jua likaiunguza miche yote, lakini baba hakumgombeza, alimwambia tu, "Mwanangu, ungeizoesha jua kidogo kidogo," kisha wakasia mbegu upya pamoja.

Alianza kufundisha baiolojia Tunduma mwaka 2001, na wanafunzi walimtania kwa jina la Mama Giza kwa sababu ya makopo ya maharage aliyoyafungia kabatini, lakini yeye aliwaeleza kwa upole kwamba mwanga huufikia mche kama habari, na homoni zilizomo ndani yake huipeleka habari hiyo, shina likapunguza kurefuka, majani yakafunguka na kuwa ya kijani, na kwamba mabadiliko hayo yanahitaji muda.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yangu Clement Simbeye, wakajaliwa Brayan mwaka 2005 na Pendo mwaka 2011.

Machi mwaka huu wa 2025, madaktari wa Mbeya waligundua kuwa ana saratani ya ini, akawaambia mumewe na Brayan yote, ila Pendo, aliye kidato cha pili, aliamua kumwambia kidogo kidogo, kwanza kwamba anaumwa, Juni kwamba ni saratani, Agosti kwamba dawa hazisaidii, na la mwisho, kwamba hatapona, alilipanga baada ya mtihani wa Novemba. Ugonjwa haukusubiri. Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, Pendo akiwa darasani.

Jana nilimweleza Pendo lile lililobaki, akaniuliza, "Mama mdogo, kumbe mama alijua, halafu akaniacha niende shule siku ile?" nami kwa ruhusa yake narudia mbele yenu jibu nililompa, kwamba mama yako hakukuficha, alikuwa hajamaliza kukuambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, na majirani wa Tunduma, hasa Bwana Shaban na Bi Fauzia, ambao gari lao halikuchoka kutupeleka Mbeya na kuturudisha, na leo limemleta hapa.

Dada, Pendo ameshaambiwa yote. Sasa pumzika kwa amani.